Maji Yamebadilika, Besi Hawali: Mwongozo wa Kuvua Naivasha kwa Fimbo

Swali ni lile lile, wanaouliza ndio hubadilika: "Jumamosi iliyopita nilipata besi wanne pale penye miti iliyokufa. Leo nimekaa palepale tangu alfajiri, hakuna hata wa kudonoa. Ninunue chambo gani?"

Usinunue kitu. Besi akiacha kula, badilisha mahali kwanza, kisha kina, kisha mwendo wa chambo. Rangi iwe ya mwisho. Wanaoanza huufuata mpangilio huo kinyumenyume: hukaa palepale saa tatu wakifungua na kufunga mfuko wa chambo, kumbe samaki wako mita hamsini kando. Nami nilianza hivyohivyo. Kuna asubuhi nilibadilisha chambo mara kumi na moja, mpaka mzee aliyekuwa akiniendeshea boti akachoka kunitazama. "Kijana," akaniambia, "hawa samaki hawajakataa chakula. Wewe umetandika meza kwenye nyumba waliyohama." Akatusogeza hadi pale maji ya tope yalipopakana na maji safi, na kwenye mrusho wa tatu mshipi ukakaza.

Besi ninayemzungumzia ni yule mwenye mdomo mpana, mzaliwa wa Amerika Kaskazini, aliyeletwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Kwa sababu ya asili yake hiyo, maelezo mengi utakayokuta mtandaoni yameandikwa kwa maziwa ya Marekani, ambako baadhi ya maziwa huganda wakati wa baridi na kila msimu una mbinu yake. Ukiyafuata neno kwa neno hapa yatakupoteza. Naivasha iko karibu na ikweta, mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake hayagandi wala hayachemki. Vinavyobadilika huku ni mvua, tope la mito, upepo wa mchana, magugu maji na kiwango cha ziwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Fimbo moja ya karibu mita 2, ya ugumu wa wastani, na rili yake (kigurudumu cha kukunjia mshipi). Moja inatosha. Fimbo tatu kwa anayeanza ni mishipi mitatu ya kufumua.
- Mshipi wa nailoni wa milimita 0.30 hivi. Mwembamba kuliko huo utakatwa na miti iliyozama.
- Ndoana pana za namba 2/0 na 3/0, na chubwi (vizito vya kuzamisha mshipi) ndogo zenye tundu katikati, za gramu 5 hadi 10.
- Chambo bandia vya aina tatu tu: minyoo ya plastiki ya sentimita 15, kimoja chenye bapa la chuma linalozunguka, na kimoja kinachoelea na kurusharusha maji.
- Kifuniko cheupe cha ndoo, kilichofungwa kamba yenye fundo kila sentimita 10, na jiwe dogo chini yake ili kizame. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya pili.
- Kipimajoto. Kile cha kupimia maji ya kuogesha mtoto kinafaa kabisa.
- Koleo la kutolea ndoana, wavu mdogo wenye mpini, kofia, na miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji.
- Jaketi la kuokolea maisha, la kuvaliwa. Likikaliwa kama mto halina faida.
- Kibali cha uvuvi. Pita ofisi ya uvuvi Naivasha uulize ada na kama ziwa liko wazi, kwa maana kuna nyakati uvuvi hufungwa. Watu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) pale ufukweni, iwe Karagita au Kamere, nao watakuambia mahali pasiporuhusiwa.
- Daftari na kalamu ya risasi. Wino ukilowa ndio mwisho wa kumbukumbu.

Onyo la kusomwa mara mbili: kiboko. Usivue ukiwa umesimama ukingoni alfajiri au jioni. Wakati huo kiboko anatoka malishoni au anaelekea huko, na ukisimama kati yake na maji umemzibia njia ya kurudi nyumbani. Kodi boti yenye nahodha wa hapo hapo. Nahodha akisema "tuondoke", kunja mshipi muondoke, hata kama samaki ndio kwanza wameanza kula.

Hatua kwa hatua

1. Tumia dakika kumi ufukweni bila kurusha. Usiwaulize wavuvi wa nyavu kama kuna samaki. Utajibiwa ndiyo ili mradi ukodi boti. Uliza hivi: maji yamepanda au yameshuka tangu juma lililopita? Mvua imenyesha Nyandarua? Jana upepo ulianza saa ngapi? Kisha tafuta nguzo au mti ulio majini, upige picha kwa simu pale maji yalipofika. Safari ijayo piga picha ya nguzo ileile. Picha mbili za namna hiyo zitakufunza mengi kuliko video ishirini.

2. Pima uangavu wa maji. Teremsha kifuniko cheupe upande wa boti wenye kivuli, uhesabu mafundo mpaka kipotee machoni. Andika. Rudia kila unapohamia sehemu mpya, maana Naivasha upande mmoja unaweza kuwa chai ya maziwa na mwingine chai ya rangi.

Kifuniko kikipotea kabla ya sentimita 30, maji ni machafu. Besi huwinda kwa macho, lakini pia ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mtikisiko wa maji. Katika tope ndio anaoutegemea, na hujibana karibu na kitu: shina la mti, ukingo wa mafunjo, jiwe. Rusha ukaribie kitu hicho kwa kiasi cha shubiri moja, utumie chambo chenye kutikisa maji, na uvute polepole.

Kati ya sentimita 30 na 80 ni maji mazuri ya kawaida. Fuata hatua zinazofuata bila wasiwasi.

Kikionekana zaidi ya hapo, jua kwamba naye anakuona. Zima injini mbali, rusha kwa umbali, vaa nguo isiyong'aa, na usigongegonge sakafu ya boti kwa viatu. Wengi huisahau hii ya viatu.

3. Chagua mahali kwa kufuata kiwango cha maji. Hatua hii ina uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Maji yanapopanda, besi hupanda nayo. Huingia kwenye nyasi na vichaka vilivyofunikwa karibuni, kwa sababu wadudu, vyura na samaki wadogo wamekuwa karamu huko. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 na kuingia hadi mitaa ya Kihoto, migunga mingi ya ukingoni ilikufa ikiwa imesimama majini. Miti hiyo mikavu ni makazi mazuri ya besi: kuna kivuli, kuna mahali pa kuvizia. Kwa hiyo maji yakiwa yanapanda, vua upande wa nchi kavu wa miti hiyo, hata kwenye maji ya kiunoni.

Maji yanaposhuka, mambo hugeuka. Besi huondoka mapema kwenye maji ya kina kifupi kabla hayajamwacha mkavu, akasimama kwenye ukingo wa kwanza unaoelekea kinani. Vua upande wa ziwani wa miti ileile. Anayelalamika kwamba "pale pa Jumamosi pameisha samaki" mara nyingi anatupa mshipi upande usio wao. Samaki wamesogea mita kumi tu.

Maji yakiwa yametulia kwa majuma kadhaa, tafuta mipaka: mwisho wa mafunjo, ncha ya rasi, mahali tope laini linapokutana na mawe.

4. Jua tope limetoka wapi. Naivasha huchafuka kwa njia mbili, na kila moja ina dawa yake.

Tope la mto huingia upande wa kaskazini, kutoka Malewa na Gilgil. Malewa huanzia milima ya Nyandarua, kwa hiyo mjini Naivasha vumbi laweza kuwa linatimka ilhali mto unashusha maji mekundu ya mvua ya jana usiku huko juu. Usilikimbie tope hilo moja kwa moja. Tafuta mstari wake, pale maji mekundu yanapoishia na maji safi kuanza. Samaki wadogo hupita kwenye mpaka huo, na besi hukaa upande wa tope kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Endesha boti upande safi, rusha sambamba na mstari, usirushe kuukata.

Tope la upepo hutoka chini. Sehemu kubwa ya ziwa hili ina mita chache tu za maji, basi upepo wa siku mbili hukoroga sakafu na kuchafua kila mahali bila tone la mvua. Hapo hakuna mstari wa kufuata. Hamia maji yaliyokingwa. Upande wa Crescent Island ndiko kwenye kina kirefu kuliko kwingine, na huchelewa kuchafuka. Mara nyingi huko nimepata mafundo matatu zaidi ya kifuniko kuliko katikati ya ziwa, siku hiyo hiyo.

5. Utumie upepo, kisha uuheshimu. Asubuhi ziwa hulala kama kioo. Upepo mwepesi unapoanza kukunja maji, wanaoanza hukimbilia upande uliotulia kwa kuwa kurusha ni rahisi. Wewe nenda unakovumia. Mawimbi madogo huvunja mwanga, besi haoni vizuri mshipi wala boti, na vyakula vidogo husukumwa kuelekea ukingo huo. Ndio wakati wa chambo chenye bapa linalozunguka, kivutwe kwa mwendo wa wastani.

Onyo: baada ya saa sita mchana upepo huo mwepesi waweza kugeuka haraka. Maji yakianza kuvunjika povu jeupe, rudi. Pia angalia magugu maji yanakoelekea. Upepo husukuma mablanketi mazima ya magugu, na boti iliyoingia ghuba nyembamba asubuhi hujikuta imefungiwa mlango mchana. Nimewahi kulala njaa kwa sababu hiyo. Tulitoka giza likiwa limeingia, tukivuta magugu kwa mikono.

6. Soma jua na mawingu. Mawingu mazito humtoa besi kwenye maficho akazurura, na kamba wekundu anaowapenda, wale wenye magando, nao hutembea zaidi mwanga ukipungua. Kamba hao si wenyeji pia. Waliingizwa ziwani mwaka 1970. Siku ya mawingu rusha mbali, funika eneo kubwa, usikae mahali pamoja. Chambo cha kuelea kitafanya kazi hata saa nne asubuhi.

Jua likiwaka, besi hurudi kivulini. Vua chini ya mafunjo yaliyoinama, ubavuni mwa mashina, na kwenye kingo na mianya ya magugu maji. Usihangaike na katikati ya blanketi nene la magugu, maana chini yake hewa ya maji ni haba na samaki hawakai. Mnyoo wa plastiki uanguke wenyewe kivulini, uuache uhesabu hadi kumi kabla ya kuusogeza.

7. Pima joto, upange mwendo. Asubuhi za Julai na Agosti maji ya ukingoni hupoa. Kipimajoto kikisoma chini ya nyuzi 20, punguza mwendo kuwa nusu ya unaoona ni polepole, na usianze safari alfajiri. Ngoja saa tatu au saa nne, jua lipashe maji ya kina kifupi, hasa penye mawe au udongo mweusi. Kuanzia nyuzi 21 kwenda juu, anza na mwendo wa wastani uongeze taratibu.

8. Sasa ndipo uchague chambo. Maji machafu: chambo kizito, rangi nyeusi au nyeusi yenye buluu, kwa sababu kivuli chake huonekana. Maji safi: kahawia, kijani cha majani makavu, au rangi ya wale kamba wekundu. Basi. Yanayobaki ni biashara ya wauza chambo.

Kwa mnyoo wa plastiki penye miti, pitisha mshipi kwenye tundu la chubwi, funga ndoana, choma kichwa cha mnyoo sentimita moja hivi na uitoe ndoana ubavuni. Igeuze, kisha uizike ncha tena ndani ya mwili wa mnyoo. Ndoana ikifichwa hivyo hupita kwenye matawi bila kunasa.

9. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wape samaki dakika ishirini za kurusha vizuri. Pakiwa kimya, sogea mahali. Pakiwa kimya tena, vua kina kingine hapo hapo. Halafu mwendo. Rangi iguse ukiwa umekwisha pita yote hayo. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na samaki akashika, hutajua ni kipi kilichomshawishi, na kesho utaanza upya.

10. Mvua ikija, gawanya siku sehemu tatu. Saa moja hivi kabla ya mvua, wingu likishuka, besi hula kwa fujo, vua haraka. Ukisikia radi, laza fimbo na uelekee ufukweni papo hapo. Fimbo za kisasa zina kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Baada ya mvua nyepesi, jaribu mahali maji ya mvua yanapotiririkia ziwani. Kesho yake, anga ikiwa buluu isiyo na wingu na asubuhi ya baridi, punguza matarajio: shuka kina, polepole, karibu kabisa na maficho. Hii ndiyo siku inayowavunja moyo wageni, kwa sababu hali ya hewa inapendeza na samaki hawaonekani.

Makosa ninayoyaona kila juma

Kufika saa tano. Kurusha katikati ya maji matupu kwa sababu "samaki wakubwa wako mbali". Kuvuta kwa kishindo mara tu mnyoo unapoguswa. Ngoja mshipi uanze kutembea, kunja uliolegea, ndipo uvute kwa mkupuo. Na kumrudia nahodha yule yule kwa ugomvi kwamba alikupeleka pabaya, ilhali ni wewe uliyemwamuru akupeleke pa juma lililopita.

Ukikwama

*Nahisi wanadonoa lakini hawashiki.* Kata mnyoo kwa sentimita tatu, au kagua ncha ya ndoana kwa kuiburuta kwenye ukucha. Ikiteleza bila kukwaruza, ni butu.

*Kila ninayempata ni kapi, si besi.* Kapi (carp) waliingia ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo wako wengi kuliko besi. Kama unatumia chambo cha unga au minyoo halisi juu ya tope, unawaita wao. Hamia penye mawe na miti, utumie chambo bandia.

*Chambo kinanasa kila mrusho.* Kama ncha umeizika, basi chubwi ni nzito mno. Teremka hadi gramu 5. Ikinasa, usivute kwa hasira. Legeza, peleka boti upande wa pili wa mti, vuta kutoka huko.

*Mshipi unakatika samaki akishakamatwa.* Pitisha vidole kwenye mita mbili za mwisho. Ukihisi ukwaruzo, kata sehemu hiyo ufunge upya. Penye migunga mimi hufunga upya kila baada ya samaki mmoja. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni kavu huungua kwa msuguano.

*Maji ni safi, jua ni kali, hakuna upepo, na nina siku hii moja tu.* Pumzika saa sita hadi saa tisa, kama ziwa litaruhusu kurudi. Likiruhusu, tafuta kivuli kirefu cha mafunjo upande wa magharibi, ambako jua huondoka mapema, na uanze na chambo cha kuelea karibu saa kumi na moja. Muwe ufukweni kabla giza halijaingia, maana saa hizo wenye ziwa, yaani viboko, wanaanza kutoka.

*Besi ameimeza ndoana hadi kooni na ninataka kumwachia.* Usiivute. Kata mshipi karibu na mdomo uwezavyo umrudishe majini. Ana nafasi nzuri zaidi ya kuishi na ndoana hiyo kuliko na koo lililochanika. Lowesha mikono kwanza, na usimninginize kwa taya akiwa amelala ubavu huku rafiki akitafuta simu ya kupigia picha.